Foronya za Nguo Kuukuu

Watu wengi hudhani ya kuwa nguo hufa siku ile inapopasuka. Sivyo. Nguo haifi mahali pote kwa siku moja. Shuka la kitanda hulika katikati, pale mwili unapolala na kugeuka, lakini kingo zake hubaki imara karibu kama siku liliponunuliwa. Shati la karani hufa shingoni na mikononi, kwa jasho na kwa kusugua meza, hali mgongo wake ungali mzima. Suruali hufa magotini, na leso hufa pale inapofungwa fundo kila siku. Basi mtu atupaye shuka zima kwa sababu ya tundu moja la katikati ni mfano wa mkulima wa Makueni akataye mwembe kwa sababu tawi moja limekauka.

Nataka kueleza juu ya foronya, yaani mfuko wa kuvika mto wa kulalia, na jinsi ya kuishona kutoka katika nguo kuukuu za nyumbani. Huenda msomaji mmoja akacheka na kuuliza kama karani wa serikali hana jambo kubwa zaidi la kuandika. Namjibu ya kuwa katika nyumba inayotegemea mshahara mdogo na shamba linalongoja mvua, mambo makubwa huja mara chache, bali madogo huja kila juma. Naye ashindwaye na madogo hana nguvu ya kuyakabili makubwa yanapofika.

Kwanza nisema kidogo juu ya asili ya vitu hivi, maana wako wanaodhani kwamba kuunganisha vipande vya nguo ni dalili ya umaskini wa siku hizi. Neno foronya tulilipata kwa Wareno, na neno leso vilevile. Leso kwao ni kitambaa cha mkononi. Husimuliwa ya kuwa katika karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa, wakachukua sita, vitatu juu na vitatu chini, wakavishona pamoja kuwa vazi moja. Hivyo leso ya kwanza, ambayo leo twaiona vazi la heshima, ilikuwa ni vipande vilivyounganishwa kwa sindano.

Sisi Wakamba nasi tuna habari zetu za nguo. Katika miaka ile ile ya karne ya 19, misafara ya wazee wetu ilichukua pembe za ndovu kutoka Kitui hadi pwani, ikarudi na shanga, waya na nguo. Kivui, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, aliyempokea Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wa wakuu wa biashara hiyo. Nguo iliyopendwa sana ilikuwa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa Marekani na kuletwa na merikebu hadi Unguja. Kitu kilichobebwa kichwani siku nyingi namna ile hakikutupwa kwa tundu moja.

Orodha ya shule

Sasa nije kwangu. Kwetu ni upande wa Kathonzweni, Makueni, lakini kazi yangu iko mjini Kitui. Wakulima wenzangu hawana haja ya kukumbushwa habari za mvua. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwaka 2022, mvua zilikosa msimu baada ya msimu, hata zile za Oktoba hadi Desemba ambazo kwetu Ukambani ndizo tegemeo kubwa. Mshahara wa mtu mmoja ukawa wa kununua unga wa nyumba mbili, ya mjini na ya kijijini.

Katika hali hiyo, binti yangu wa kwanza akafaulu mtihani, akaitwa katika shule ya bweni kuanza kidato cha kwanza mwezi wa Februari 2023. Furaha ilikuwa kubwa, lakini pamoja na barua ya kumwita ilikuja orodha. Kila mzazi aijua orodha hiyo: sanduku la bati, godoro, blanketi, mashuka mawili, ndoo, viatu, sare, vitabu, na mwishoni, baada ya vitu vya fedha nyingi, mto mmoja na foronya mbili. Nilihesabu kuanzia juu kwenda chini. Fedha ziliishia kwenye mashuka.

Nilikuwa na shuka moja kuukuu, lililopasuka katikati. Hilo lilitosha kuwa nyuma ya foronya, lakini halikutosha kwa mbele, kwa kuwa nilipoliinua kuelekea mwangaza wa mlango, nuru ilipita katikati kama katika chekecheke. Nguo nyingine nzuri iliyokuwa nyumbani ilikuwa leso ya marehemu mama yangu.

Mwaitu, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, alifariki mwaka 2021. Aliacha doti moja ya leso, yaani leso mbili za namna moja, nyekundu na nyeusi, zenye jina lisemalo, “Wema hauozi.” Kwa leso zile aliwabeba wajukuu wake mgongoni, na binti yangu alikuwa wa kwanza wao. Tangu maziko zilikaa katika sanduku lake, zimekunjwa, wala hakuna aliyezigusa.

Nilipotaja shauri langu, dada yangu mkubwa alikataa. Yeye ndiye aliyemuuguza mama hadi mwisho, na neno lake lilikuwa na haki. Akasema, “Ndugu yangu, sisi hatuna picha nyingi za mwaitu. Hatuna hata shamba lililoandikwa jina lake. Ukizikata leso hizi, watoto wetu wataonyeshwa nini?” Sikuwa na jibu, na siwezi kusema kwamba alikosea. Nguo ya mzazi aliyekufa si tambara. Mtu aweza kulia juu yake.

Tukalipeleka shauri kwa baba. Mzee akaagiza sanduku lifunguliwe. Leso zilipotandazwa juu ya mkeka, tukaona ya kuwa panya walikwisha kuonja pembe ya mmoja wake, na penye mikunjo palianza kugeuka rangi. Baba akapitisha kidole chake juu ya maandishi, kisha akasema, “Wema ndio hauozi. Nguo huoza. Ikateni hii moja ingali na nguvu, na ile nzima mpeni dada yenu.”

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Iliyoonjwa na panya ikawa ya kukata, na ile nzima ikaenda kwa dada. Lakini dada hakuondoka. Alishika upande wa pili wa leso nilipokuwa nikipima, akaweka sharti moja tu: mkasi usiyaguse maandishi.

Namna ya kukata na kushona

Naeleza kazi yenyewe kwa taratibu, ili msomaji apate kuifanya bila fundi. Sindano, uzi wa pamba, mkasi, kipande cha chaki na kamba ya kupimia vyatosha. Mwenye cherehani atamaliza kwa saa moja. Mwenye sindano ya mkono atamaliza kwa jioni mbili.

Kwanza, fua nguo kuukuu na kuianika kivulini. Nguo ambayo haijafuliwa yaweza kujikunyata baada ya kushonwa, na foronya ikaubana mto. Kisha ijaribu: ishike kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu. Ikilia na kuachia nyuzi, hiyo ni ya kufuta meza. Ikistahimili, ni ya kushona.

Pili, pima mto. Wetu ulikuwa na urefu wa sentimeta 70 na upana wa sentimeta 45. Kipande cha mbele kiwe na urefu wa sentimeta 74 na upana wa sentimeta 48, maana mshono na pindo hula nafasi. Kipande cha nyuma kiwe na upana ule ule, lakini urefu wake uwe sentimeta 92. Sehemu inayozidi ni ulimi utakaougeuza kuingia ndani na kuufunika mto mdomoni, hata pasiwe na haja ya kifungo wala zipu.

Leso huwa na urefu wa kama sentimeta 150 na upana wa kama sentimeta 110, kwa hiyo moja hutoa mbele za foronya mbili bila shida. Lakini usianze kukata pembeni kwa haraka. Leso ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na jina limeandikwa sehemu ya chini ya mji. Pima kwanza kutoka kwenye maandishi, ukaache nafasi sawa kushoto na kulia, ndipo uchore kwa chaki. Mkasi haujui kurudi nyuma. Sisi tulipata foronya moja yenye jina, na ya pili yenye pindo na maua ya mji. Nyuma za zote mbili zilitoka katika kingo za lile shuka, kipande kimoja kila upande wa lile tundu.

Tatu, pinda na kushona ukingo mmoja mfupi wa kipande cha mbele, na ukingo mmoja mfupi wa kipande cha nyuma. Hiyo ndiyo midomo. Halafu tandaza kipande cha nyuma juu ya meza, uso wake mzuri ukitazama juu. Weka cha mbele juu yake, uso wake mzuri ukitazama chini, na kingo fupi zisizopindwa zilingane. Ulimi wa kipande cha nyuma utatokeza. Ugeuze uje juu ya kipande cha mbele. Piga bandi ili visihame, kisha shona pande mbili ndefu na ule upande mfupi ulio kinyume cha mdomo. Kwa sindano ya mkono, kila pigo lirudi nyuma nusu ya pigo lililotangulia, ndipo mshono utakapokaza. Shona mistari miwili, na kingo za ndani zizungushie uzi ili nyuzi zisichomoke katika kufuliwa. Toa bandi, geuza foronya nje ndani, sukuma pembe kwa kidole, na kazi imekwisha.

Shati kuukuu nalo lina faida yake, hasa kwa mto mdogo wa kiti au wa mtoto. Funga vifungo vyote, kata mraba chini ya makwapa, mbele na nyuma pamoja, kisha geuza na kushona pande zote nne. Mdomo umekwisha kuwako, maana vifungo vya kifuani ndivyo vitakavyofungua na kufunga. Kazi ya kutoboa vifungo ilifanywa zamani na mshonaji wa kwanza, nawe wapata faida ya mikono yake.

Mwanamume na sindano

Jirani mmoja alipita jioni ile, akaniona barazani na sindano mkononi, akacheka sana. Nami napenda kumjibu hapa kwa heshima. Katika baraza za maduka ya Kitui, Mwingi na Wote, mafundi wengi waketio nyuma ya cherehani ni wanaume, wala hakuna awachekaye. Lakini mwanamume yule yule akishika sindano nyumbani kwake, huonekana amepotewa na akili. Tofauti ni nini? Kule hulipwa, na huku hulipwa kwa njia nyingine. Mimi nilijifunza kushona katika bweni la shule ya misheni, kwa sababu aliyechana kaptura yake alikuwa na hiari mbili tu: aishone au atembee nayo hivyo.

Mama yangu naye alijifunza kwa mama yake, na bibi alijifunza katika klabu ya wanawake. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, na katika vilabu vyake wanawake walifundishwa usafi, malezi ya watoto, mapishi na ushonaji. Serikali ya kikoloni ilikuwa na shabaha zake katika miaka ile ya Hali ya Hatari. Lakini shabaha zile ziliondoka na wenyewe, na sindano ikabaki nyumbani kwetu. Elimu ya mikono ina sifa hiyo, kwamba mwenye kuipokea huitumia apendavyo yeye.

Wala si Ukambani tu. Huko Marekani, katika miaka ya taabu ya 1930, wake wa wakulima walifumua magunia ya pamba yaliyotiwa unga na chakula cha kuku, wakashona nguo za watoto na foronya, hata wenye viwanda wakaanza kuyachapa magunia yao maua ili yapendeze. Na hapa kwetu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, nyumba nyingi zilitoa mkasi na sindano zikashona barakoa kutoka katika leso na mashati. Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kilichoko Syongila, kiitwacho KICOTEC, kilichofunguliwa mwaka 2018, nacho kiligeukia kushona barakoa kwa wingi. Kilichofanywa kiwandani kwa mashine nyingi na kilichofanywa barazani kwa sindano moja kilikuwa jambo moja.

Habari ya aibu

Imebaki habari ya aibu, na hiyo ndiyo ngumu kuliko mishono yote. Binti yangu alipoziona foronya hakusema neno mpaka tulipokuwa peke yetu. Ndipo akasema polepole, “Baba, wenzangu watakuja na mpya za dukani.” Hakuwa mtoto mkaidi. Alikuwa anaogopa kuchekwa katika bweni la wageni, na mtu mzima asiyekumbuka hofu hiyo amesahau utoto wake.

Sikumhubiria. Nilimwambia kwamba watu hucheka uchafu na upogo kabla ya kucheka ukuukuu, kwa hiyo tuviondoe hivyo viwili. Tukafumua upande mmoja uliokwenda kombo, tukaushona tena. Dada yangu akapika uji mwembamba wa wanga wa muhogo, akazichovya foronya, na zilipokaribia kukauka akazipiga pasi ya makaa, zikanyooka kama karatasi ya barua ya ofisini. Kisha shangazi mtu akamkalisha mpwa wake na kumweleza leso ile ilikuwa ya nani, ilinunuliwa wakati gani, na ni nani aliyelala ndani yake mgongoni mwa nyanya yake. Mambo hayo mengine hata mimi nilikuwa siyajui. Yale aliyohofu kwamba yangepotea kwa mkasi, aliyasema yote mwenyewe siku ile, naye aliyestahili kuyasikia akayasikia.

Likizo ya kwanza binti aliporudi, nilimwuliza juu ya foronya. Akasema wako waliozitazama siku mbili tatu, kisha wakazoea. Halafu akaongeza jambo ambalo mimi sikulifikiri. Siku ya kufua, foronya nyeupe za dukani hufanana zote juu ya kamba, na jioni huwa ni ugomvi: hii ni yangu, hapana ni yangu. Wengine walikwisha kupoteza zao zote mbili. Lakini hakuna awezaye kuchukua foronya nyekundu yenye “Wema hauozi” akasema ni yake. Alikwenda na mbili, akarudi na mbili, na mwenzake mmoja alikuwa amemwomba amfundishe kushona ili atengeneze ya kwake.

Wasomaji, sisemi ya kuwa kila leso ya marehemu ikatwe. Katika nyumba nyingine ile iliyobaki ni moja tu, na shauri la wenye nyumba ndilo litakaloamua. Wala sisemi ya kuwa kushona foronya kutaleta mvua au kulipa karo. Nasema hivi: fungueni masanduku yenu mkaangalie, kabla panya hawajaangalia. Ile iliyo nzima na ya kumbukumbu, ianikeni na kuikunja upya. Ile iliyoanza kufa upande mmoja, kateni upande ulio hai mkautumie. Na mkiwa na wavulana nyumbani, wapeni nao sindano. Kijana ajuaye kuziba tundu la nguo yake hatamngoja mtu siku atakapokuwa mbali na kwao.